Kutoka Luano hadi N'djili: umbali mmoja, saa mbalimbali

Chukua ramani ya Afrika, weka ncha ya bikari juu ya uwanja wa ndege wa Luano hapa Lubumbashi, uifungue mpaka mguu wa pili uguse uwanja wa N'djili kule Kinshasa, kisha uchore duara. Duara hilo litapita Nairobi, na kwa upande wa kusini halitakuwa mbali na Johannesburg. Kutoka Luano hadi N'djili kwa mstari wa anga ni karibu kilomita 1,550; kutoka Luano hadi uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi ni karibu kilomita 1,540; na kutoka Luano hadi uwanja wa O. R. Tambo wa Johannesburg ni karibu kilomita 1,620. Sisi wa Lubumbashi tumezoea kusema kwamba Kinshasa ni nyumbani na Nairobi ni ugenini, ilhali kwa kilomita miji hiyo miwili imetuzunguka kwa umbali unaokaribia kulingana. Dar es Salaam, yenye kilomita 1,380 hivi, iko karibu nasi kuliko mji mkuu wetu. Lusaka ni kilomita 430 tu.

Hata hivyo, abiria haoni kilomita kwenye tiketi yake. Anaona saa ya kuondoka na saa ya kufika, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Tuseme ndege tatu zinaondoka Luano siku moja, zote saa 10:00, na kila moja inafanya safari ya moja kwa moja ya takriban saa mbili na dakika ishirini, ile ya Johannesburg ikizidi kidogo. Tiketi ya Kinshasa itaandikwa kwamba inafika 11:20. Ya Johannesburg itaandikwa 12:25. Ya Nairobi itaandikwa 13:20. Mtu asiyejua mambo ya ndege, akiziweka tiketi hizo mezani kwa mpangilio, ataapa kwamba Kinshasa iko jirani, Johannesburg iko mbali kiasi, na Nairobi iko mbali zaidi ya mara mbili ya Kinshasa. (Nimeandika saa kwa mtindo wa tarakimu ishirini na nne kwa sababu ndivyo mashirika ya ndege yanavyochapisha, anayehesabu kwa Kiswahili ajue kwamba 10:00 ni saa nne asubuhi.)

Ninaandika haya kwa sababu katika familia yetu, na nadhani katika familia nyingi za hapa, swali la "safari ya Kinshasa inachukua muda gani" huzua ubishi kila mtu anapokwenda au kurudi. Aliyekwenda husema ni safari ya saa moja na kitu. Aliyerudi husema ni saa tatu na zaidi. Kila mmoja ana tiketi ya kumthibitishia, na kila mmoja amesoma kile kilichoandikwa. Nianze basi na umbali, kwa kuwa huo ndio usiobadilika, kisha nije kwenye saa.

Kila uwanja wa ndege una nukta yake rasmi ya kijiografia. Ya Luano iko kwenye latitudo ya nyuzi 11.6 kusini na longitudo ya nyuzi 27.5 mashariki, ya N'djili iko kwenye nyuzi 4.4 kusini na 15.4 mashariki. Ukizishika nukta hizo mbili na kuichukulia dunia kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, hesabu ya pembe itakupa urefu wa njia fupi kuliko zote inayoziunganisha juu ya uso wa tufe hilo, njia ambayo wataalamu huiita duara kuu. Jibu ni kilomita 1,552 na ushei. Ukikuta mahali pengine namba iliyozidi au kupungua kwa kilomita mbili tatu, usishangae wala usimtuhumu aliyeiandika, maana dunia si tufe kamili: nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378 na kwenye ncha ni 6,357, na wapo wanaoingiza tofauti hiyo katika hesabu na wapo wasioiingiza. Marubani nao wana kipimo chao, maili ya bahari, yenye mita 1,852, na kwa kipimo hicho umbali wetu ni 838. Kwa maili za barabarani za Waingereza ni 965. Nimewahi kuwasikia watu wakibishana kwa namba hizo tatu bila kutambua kwamba wote wanasema kitu kimoja.

Ndege haifuati mstari huo kama uzi uliovutwa. Inapoondoka Luano hupaa kwa kuelekea upande ambao njia ya kurukia imeelekea na upepo unakotoka, kisha ndipo igeuke kuelekea kaskazini-magharibi. Inapokaribia N'djili huongozwa na waangalizi wa anga kujipanga sawa na njia ya kutulia, na zikiwapo ndege nyingine mbele yake husubiri zamu. Kati ya hapo hufuata njia za anga zilizowekwa rasmi, ambazo hupita juu ya vituo vinavyotambulika. Msimu wa mvua huongeza yake: bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi zaidi, na rubani mwenye akili hazipiti ngurumo katikati, huzizunguka. Kwa hiyo kilomita 1,552 ni kiwango cha chini, na ndege halisi huruka zaidi ya hapo, wakati mwingine kwa makumi ya kilomita.

Sasa muda. Ndege za jeti za aina ya Boeing 737 au Airbus A320 husafiri zikiwa juu kwa mwendo wa kilomita 800 na kitu kwa saa. Ukigawa 1,550 kwa 820 utapata kama saa moja na dakika hamsini na tatu, nawe utafikiri umemaliza hesabu. Lakini ndege haianzi safari ikiwa juu na mwendo wake kamili. Inatoka ilipoegeshwa, inatembea taratibu hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inapaa kwa karibu robo saa au zaidi kabla ya kufikia kimo chake, na mwishoni inateremka kwa muda unaozidi huo, ikipunguza mwendo hatua kwa hatua. Mashirika ya ndege huhesabu muda tangu magurudumu yanapoanza kuzunguka hadi yanaposimama kabisa mbele ya jengo la abiria, na muda huo ndio unaoingia kwenye tiketi. Ndiyo maana Luano hadi N'djili kwa jeti huandikwa kuwa kati ya saa mbili na robo na saa mbili na nusu. Kwa ndege ya mapanga kama Dash 8 Q400, yenye mwendo wa kilomita 650 hivi kwa saa, utakaribia saa tatu.

Kimo cha viwanja nacho kina neno la kusema, ingawa ni dogo. Luano iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na N'djili takriban mita 310. Katika kimo cha Luano hewa ni nyepesi kwa kama asilimia kumi na mbili kuliko ya pwani, na siku za joto kali la Oktoba, kabla mvua hazijakaza, wepesi huo huongezeka. Mabawa hupata cha kushikilia kidogo na injini hupumua kwa shida, hivyo ndege yenye mzigo hukimbia mita nyingi zaidi ardhini kabla ya kunyanyuka. Hiyo ni sababu mojawapo inayolifanya shirika lipunguze mizigo siku kama hizo, jambo ambalo abiria wa hapa hulichukulia kuwa uonevu mtupu. Kwa muda wa safari lakini, tofauti yake ni dakika za kuhesabika kwa vidole.

Wengi husema kurudi kutoka Kinshasa ni kurefu kwa sababu ya upepo. Dhana hiyo si ya kijinga, kwani kwingineko duniani ni kweli: anayevuka Bahari ya Atlantiki kutoka Marekani kwenda Ulaya husukumwa na mkondo wa upepo wenye nguvu unaovuma kutoka magharibi, na anaporudi hupambana nao, hata tofauti ikafikia saa nzima au kuzidi. Mikondo ile mikali iko mbali na ikweta. Juu ya Kasai na Kwilu, ambako ndege yetu hupita, pepo za kimo kile kwa kawaida ni dhaifu, na athari yake katika safari ya saa mbili ni ya dakika chache, mara kwa faida ya anayekwenda, mara kwa faida ya anayerudi. Upepo hauwezi kuifanya safari moja iandikwe saa moja na dakika ishirini na nyingine saa tatu na dakika ishirini.

Kinachofanya hivyo ni saa za ukutani. Nchi yetu ina majira mawili ya saa. Kinshasa, pamoja na Kongo ya Kati, Kwango, Kwilu, Mai-Ndombe na majimbo yaliyokuwa ya Ikweta ya zamani, hufuata saa moja mbele ya saa ya dunia inayohesabiwa kutoka Greenwich. Sisi wa Katanga, pamoja na Kasai zote, Maniema, Kivu mbili na majimbo yaliyokuwa Jimbo la Mashariki, tuko saa mbili mbele. Lubumbashi ikiwa 10:00, Kinshasa ni 09:00. Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa majira ya mji unaouacha na saa ya kufika kwa majira ya mji unaoufikia, na haina sehemu ya kukueleza kwamba imebadilisha kipimo katikati. Ukiondoka Luano 10:00 na kuruka saa mbili na dakika ishirini, kwetu itakuwa 12:20 magurudumu yanaposimama, lakini saa ya N'djili itasoma 11:20. Ukiondoka N'djili 15:00 na kuruka muda ule ule, Kinshasa itakuwa 17:20, na saa ya Luano itasoma 18:20. Safari ya kwanza inaonekana saa moja na dakika ishirini, ya pili saa tatu na dakika ishirini, na tofauti ya saa mbili kamili imezaliwa bila ndege kubadilisha mwendo hata kidogo.

Njia ya kuikagua tiketi ni nyepesi, na nashangaa kwamba wauzaji wengi hawaielezi: geuza saa zote mbili ziwe za mji mmoja kabla ya kutoa. Mimi huzigeuza ziwe za Lubumbashi, kwa kuwa ndiko mwili wangu ulikozoea kula na kulala. Kwa Kinshasa naongeza saa moja, kwa Nairobi naondoa saa moja, na kwa Johannesburg siongezi wala siondoi, kwa sababu Afrika Kusini, kama Zambia, iko majira mamoja nasi. Hapo ndipo zile tiketi tatu za mwanzo hupatana. Na anayerudi kutoka Nairobi hufurahia kile anachofurahia anayekwenda Kinshasa: akiondoka kule 15:00, Luano humpokea saa 16:20. (Neno la pembeni la wenyeji: usimwambie mtu wa hapa kwamba unakwenda Kenya bila kufafanua, maana atafikiri ni mtaa wetu wa Kenya, na atashangaa kwa nini unahitaji ndege.)

Jua lenyewe halikubaliani kikamilifu na mipaka hii. Dunia huzunguka nyuzi kumi na tano kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika nne. Kati ya Luano na N'djili kuna nyuzi kumi na mbili za longitudo, kwa hiyo jua hufika utosini Kinshasa dakika arobaini na nane baada ya kufika kwetu, wakati saa zetu zinadai kwamba ni sitini. Kati ya Lubumbashi na Nairobi ni nyuzi tisa na kidogo, yaani dakika thelathini na nane za jua, na bado saa zinadai sitini. Hizo dakika za ziada ni za serikali. Anayesafiri jioni kuelekea mashariki huliona hilo kwa macho: akiondoka N'djili saa 16:00 kukiwa na mwanga mweupe, giza humkuta hewani mapema kuliko alivyotarajia, na anapotua Luano saa 19:20 ni usiku kamili, kwa maana kwetu jua huzama kati ya 17:50 na 18:45 kutegemea mwezi. Anayekwenda magharibi jioni hupewa mwanga wa nyongeza, kwa kuwa ndege hulifuata jua linakokwenda, ingawa hailifikii.

Simu za siku hizi hubadilisha saa zenyewe zikipata mtandao wa mji mpya, na hilo limepunguza wanaochelewa. Halikuwaondoa. Wanaochelewa sasa ni wale wanaosubiri nyumbani. Dada yangu mkubwa anayeishi Limete, huko Kinshasa, huuliza kila mara, "Unafika saa ngapi, ya kwenu au ya kwetu?" na swali hilo moja limetuokoa katika mengi. Wapo wengine ambao huambiwa "nitafika saa tano na dakika ishirini", wanaongeza saa moja kichwani kwa kudhani mgeni amesema saa ya Lubumbashi, wanachanganya kuongeza na kupunguza, na mgeni anakaa nje ya uwanja na mabegi yake akiwapigia simu. Kwa ajili hiyo ningependa mtu akitaja saa ataje na mji.

Kuna jambo jingine linalovuruga uhusiano wa kilomita na muda, nalo ni kutua njiani. Baadhi ya safari za ndani hupitia Mbuji-Mayi. Kutoka Luano hadi Mbuji-Mayi ni karibu kilomita 750, na kutoka Mbuji-Mayi hadi N'djili ni karibu 920, jumla kilomita 1,670. Ukilinganisha na 1,550 za moja kwa moja, umeongeza kilomita mia moja na ishirini tu, ambazo jeti huzila kwa dakika tisa. Kwenye saa hata hivyo umeongeza zaidi ya saa moja, na mara nyingi karibu saa mbili, kwa kuwa ndege imelazimika kuteremka, kutua, kushusha watu na mizigo, kupakia wengine, pengine kuongeza mafuta, kisha kupaa upya kutoka chini. Kilomita za angani ni rahisi. Kinachogharimu muda ni kugusa ardhi. Tena Mbuji-Mayi hufuata saa yetu ya mashariki, kwa hiyo ile saa moja hupatikana katika kipande cha pili peke yake, na kipande hicho huandikwa kwa namna inayochekesha: ndege inayoondoka Mbuji-Mayi saa 13:00 na kuruka saa moja na nusu hufika Kinshasa 13:30.

Tukishuka chini, hesabu inageuka kabisa. Luano iko karibu kilomita kumi kutoka katikati ya mji wetu, na siku ya kawaida gari linakufikisha haraka kiasi kwamba huna la kusimulia. N'djili iko karibu kilomita ishirini na tano kwa barabara kutoka Gombe, katikati ya Kinshasa, na barabara yenyewe ni moja, Boulevard Lumumba, inayobeba watu wa Masina, wa N'djili, wa Kimbanseke na wa Limete, pamoja na malori, teksi na abiria wote wa uwanja. Asubuhi mapema mtu anaweza kuipita kwa dakika arobaini. Saa za watu kutoka kazini inaweza kukuchukua muda uliotumia kuvuka nchi nzima kwa ndege, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Ongeza muda wa kufika uwanjani saa mbili kabla, kupimisha mabegi, kulipia Go-Pass, yaani ada ya uwanja wa ndege, kupita ukaguzi mmoja baada ya mwingine, na kule mwishoni kusubiri mizigo itoke. Safari ya saa mbili na dakika ishirini inakuwa ya saa saba tangu unapofunga mlango wa nyumba yako hadi unapobisha wa mwenyeji wako. Kwa abiria anayekwenda Limete badala ya Gombe, nusu ya adha ya barabara inaondoka, na hiyo ni sababu moja ya kumpenda dada yangu kuliko hoteli.

Mtu wa nchi nyingine anaweza kuuliza kwa nini tusiende kwa barabara, maana kilomita 1,550 si nyingi kihivyo. Ndivyo wanavyosafiri watu kwa basi katika nchi zenye lami. Kwa barabara hata si 1,550. Barabara ya Taifa namba 1 hupita Likasi, Kolwezi, kisha hupanda kuelekea Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi, inakwenda Kananga, Tshikapa, Kikwit, ndipo Kinshasa, na jumla yake inazidi kilomita 2,000, huku sehemu kubwa za katikati zikiwa za udongo na mchanga ambazo mvua huzigeuza kuwa matope yanayonasa malori kwa siku kadhaa. Reli ilifika hapa, wakati mji ukiitwa Elisabethville, mwaka 1910, na mwaka 1928 ikaunganishwa hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kwenye mto Kasai. Lakini reli inaishia hapo, na anayetaka kuendelea hadi Kinshasa hupanda chombo cha mtoni, akashuka Kasai mpaka inapoingia mto Kongo. Wazee wetu waliofanya safari hiyo huihesabu kwa majuma. Na ndege za kwanza za Sabena, shirika la Wabelgiji, zilizounganisha Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na Elisabethville katika miaka ya 1920 hazikuweza kuvuka kwa mruko mmoja, zilipitia Luebo huko Kasai. Kwa hiyo ninaposema kwamba Kinshasa na Nairobi ziko sawa kwa umbali, sawa hiyo ni ya angani tu. Ardhini, mtu wa Lubumbashi anaweza kuvuka mpaka pale Kasumbalesa, akapita Zambia na Tanzania kwa lami hadi Nairobi, kabla rafiki yake aliyeelekea Kinshasa siku hiyo hiyo hajaiona Kananga.

Limebaki swali ambalo wenzangu wa kazini huniuliza zaidi: je, inawezekana kwenda Kinshasa na kurudi siku moja? Ratiba ikikuruhusu, inawezekana, na wengi hufikiri kwamba ile saa moja tunayopewa asubuhi inatupendelea. Tuhesabu. Ondoka Luano 07:00, fika N'djili 08:20 kwa saa ya kule. Ukiwa na begi la mkononi tu na barabara ikiwa na huruma, uko Gombe saa 10:00. Ndege ya kurudi iwe ya 17:00. Unapaswa kuwa N'djili saa 15:00, kwa hiyo uiache Gombe saa 13:00 ili usicheze na Boulevard Lumumba. Umepata saa tatu za kazi, na Luano itakupokea 20:20 gizani. Sasa tumgeuze mwenzetu wa Kinshasa aje kwetu. Aondoke N'djili 07:00, afike Luano 10:20, awe mjini saa 11:00. Ndege yake ya kurudi iwe 17:00 ya kwetu. Awe Luano saa 15:00, kwa hiyo atoke mjini 14:30. Amepata saa tatu na nusu, na N'djili itampokea 18:20, akiwa na muda wa kula chakula cha jioni na familia yake, kama hatakwama njiani kwenda kwake. Yeye ndiye aliyepoteza saa asubuhi, na bado amepata kazi zaidi yetu kwa nusu saa, kwa kuwa saa tuliyopewa sisi na majira ilimezwa na barabara. Tangu nilipoiona hesabu hii, kikao kikihitaji watu wa pande zote mbili, mimi hupendekeza kifanyike Lubumbashi, na wa Kinshasa wanaolalamika nawaandikia namba hizi kwenye karatasi.